Mlima Ukiwaka



Mhadhara wangu ni wa moto, ila naomba nianze na maji. Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021, moto uliozuka karibu na mnara wa kumbukumbu wa Rhodes, kwenye miteremko ya Mlima Meza, uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town. Wanafunzi wakahamishwa mbiombio. Watu wa mjini wakawaletea chakula. Ukumbi wa kusomea wa Maktaba ya Jagger ukateketea, na karibu machapisho 70,000 kuhusu Afrika yakaenda nao. Zimamoto walimwaga maji, kama ilivyowapasa. Maji hayo yakashuka hadi ghala la chini, ambako moto haukufika, yakalowesha nyaraka zilizokuwa zimenusurika. Na karatasi mbichi haichelewi kuota kuvu.

Kuta zilipokaguliwa, mamia walijitokeza: wanafunzi, wastaafu, wakutubi wa kwingineko. Walivaa kofia ngumu na barakoa, maana korona ilikuwa ingalipo. Wakajipanga mstari kutoka ghalani hadi nje, kreti za plastiki zikipokezwa mkono kwa mkono. Hapo nje, hemani, ndiko kulikokatwa shauri: hiki kikavu, hiki kianikwe, hiki kikagandishwe kwenye kontena la baridi, kwani baridi kali huzuia kuvu hadi fundi apate nafasi.

Picha za ule mstari zilisambaa, na zilistahili. Mimi navutiwa zaidi na milango ya kuzuia moto ya maktaba hiyo iliyojifunga, ikaokoa sehemu ya hazina. Mlango uliofungwa hakuna anayeupiga picha.

Mlima wenyewe hauogopi moto. Vichaka vyake, ambavyo wenyeji huviita fynbos, huhitaji kuungua kila baada ya miaka kumi, kumi na mitano hivi. Mbegu za baadhi ya mimea haziamki mpaka zipate joto au moshi. Taabu ni misonobari iliyoletwa na wageni, inayowaka kwa ukali zaidi, na nyumba tulizosogeza hadi kwenye kichaka. Tena moto haungoji ndimi zake zifike. Hutanguliza cheche, zikaruka na upepo, zikatua kwenye mfereji wa bati uliojaa majani makavu.

Kwa hiyo watu wa Cape hawangoji king'ora. Tangu 1999 wana kikosi cha kujitolea cha kuzima moto wa mlimani: watu wenye ajira zao, wanaofanya mazoezi kabla kiangazi hakijaanza. Sisi, Oktoba 2020, Kilimanjaro ilipowaka, wanavijiji, wapagazi na wanafunzi walipanda na walichokuwa nacho mkononi. Moyo haukupungua. Kilichopungua ni yale ambayo hupangwa moto ukiwa bado haujawaka: nani abebe maji, nani awe na ramani, nani aamue watu washuke.

Juzi niliingia maktaba moja ninayoitumia, siitaji. Mlango wake wa kuzuia moto ulikuwa umeachwa wazi, umeegemezwa kiti ili hewa ipite. Nikakiondoa. Niliporudi saa kumi jioni kiti kilikuwa mahali pake, na juu yake pamewekwa feni.