Ziwa la Naivasha Hulindwa Tangu Mlimani

Haya ndiyo maneno ya hotuba kwa wakulima, wavuvi na wenyeji wote wanaotumia maji ya Ziwa la Naivasha na mito yake.



Nimekuja kusema nanyi juu ya jambo linalotuhusu sote, yaani afya ya ziwa letu. Husemwa kwamba mtu akiwa mgonjwa, watu wa nyumba yake wote hawalali. Ziwa nalo ni vivyo hivyo. Likiugua, mvuvi hukosa riziki, mfanyakazi wa shamba la maua hukosa kazi, na mama hukosa maji safi ya kupikia.

Ziwa hili lina ajabu yake. Liko katika Bonde la Ufa, kadiri ya mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, wala hakuna mto hata mmoja utokao ndani yake. Maziwa ya jirani yasiyo na mto wa kutokea, kama Elementaita na Nakuru, yana maji ya magadi yasiyonyweka. Lakini maji ya Naivasha ni matamu, kwa kuwa hupenya chini ya ardhi polepole na kuichukua chumvi pamoja nayo.

Hapa yafaa tutie akili. Maji hupenya ardhini, lakini udongo haupenyi. Udongo ukiingia ziwani hukaa humo humo, pamoja na mbolea iliyoshikamana nao. Mbolea hiyo, ikichanganyika na maji machafu yatokayo mjini, hulisha magugu. Gugu maji lililoonekana katika ziwa hili mwaka wa 1988 hustawi kwa chakula cha namna hiyo, likawazuilia wavuvi njia ya mashua na kunasa nyavu zao.

Je, udongo huo hutoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya ziwa huletwa na mto Malewa, unaoshuka kutoka Milima ya Nyandarua. Mkulima wa Kinangop au Wanjohi anayelima mteremko bila kinga huona maji mekundu yakipita shambani mwake wakati wa masika, naye husema, “Hayo yamekwenda zake.” La, hayakwenda zake! Yamechukua rutuba ya shamba lake, yakaenda kuitupa ziwani. Yeye amepoteza, na mvuvi aliye chini amepoteza vile vile.

Tumekwisha kuona hasara ya kutojali. Mwaka wa 2001 uvuvi ulifungwa kwa muda wa mwaka mmoja, kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Mwaka wa 2009 ukaja ukame mkali, ziwa likarudi nyuma na kuacha fuo tupu. Mvua zilipokuja, taka nyingi zilikokotwa hadi majini, na mwanzoni mwa mwaka wa 2010 samaki walionekana wakielea wamekufa. Watu walilaumiana sana siku zile. Lakini uchafu unapooza majini hula hewa ile ile ambayo samaki huivuta, wala haumwulizi mtu kama ni wa mji, au wa shamba kubwa, au wa shamba dogo.

Tena, mwaka wa 2020 na mwaka wa 2025 ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za watu wa Kihoto. Kwa hiyo mwenye kujenga au kulima ukingoni kabisa ajue kwamba ziwa hili hurudi nyuma, na siku moja huja kudai mahali pake.

Lakini sikuja kuwatia hofu tu. Dawa ipo, na wengine wamekwisha kuionja. Yapata mwaka wa 2010, wakulima wa upande wa juu wa Malewa, wakisaidiwa na mashirika ya WWF na CARE, walianza kupanda mistari ya majani na miti ya kuzuia udongo. Watumiaji wa maji walio chini kando ya ziwa walitoa fedha, na wakulima wakapewa hati za kununulia mbegu na mbolea. Tazameni busara ya mapatano hayo: aliye chini alimshukuru aliye juu kwa kumtunzia maji. Na mkulima alipata faida ya pili, kwa kuwa majani ya napia yanayoshika udongo ndiyo hayo hayo yanayomlisha ng’ombe, na ng’ombe akishiba, maziwa huongezeka.

Basi nawaomba kila mtu ashike sehemu yake. Mkulima, lima kwa kukata mteremko, wala usifikishe jembe ukingoni mwa mto. Mvuvi, usitumie nyavu za matundu madogo, na umsikilize msimamizi wa ufuo wenu, maana samaki mchanga wa leo ndiye kitoweo cha mwakani. Mwenye shamba kubwa, pima maji unayovuta, wala usirudishe dawa ziwani. Mkaaji wa mjini, usifanye mtaro kuwa jaa. Nanyi nyote, yaacheni mafunjo yasimame mahali mto unapoingia, kwa kuwa ndiyo chujio la maji tulilopewa bure.

Jiungeni na vyama vya watumiaji wa maji, mkae baraza moja, watu wa mlimani na watu wa ziwani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu wa Wanjohi labda hatakula samaki wa Naivasha maisha yake yote, lakini uhai wa samaki huyo umo katika jembe lake.