Bastola Ndogo, Risasi Kubwa

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosikika redioni)

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya silaha. Sisemi habari za mizinga na vifaru, bali za silaha inayoingia katika mfuko wa koti.

Nimepokea barua ya msikilizaji mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wezi wamemvunjia nyumba mara mbili. Anasema anakusudia kuomba leseni ya bastola, na kwamba amevutiwa na rivolva fupi za Kimarekani zenye tundu kubwa. Hoja yake ni hii: bastola ndogo ni rahisi kubeba, na risasi kubwa humaliza kazi mara moja. Anauliza, je, hapo kuna kasoro gani?

Kasoro ipo, nayo imo ndani ya hoja yenyewe. Lakini kwanza tuitazame silaha hii imetoka wapi.

Mwaka 1872 kampuni ya Webley ya mjini Birmingham, Uingereza, ilianza kutoa bastola fupi iliyoitwa British Bull Dog, kwa jina la yule mbwa mfupi mwenye kifua kipana. Silinda yake ilichukua risasi tano, tena risasi nene. Watu waliipenda, na mafundi wa nchi nyingine, zikiwamo Ubelgiji na Marekani, wakaiiga. Bastola ya aina hiyo ndiyo aliyoitumia Charles Guiteau tarehe 2 Julai 1881, alipompiga Rais James Garfield wa Marekani kwa nyuma, katika kituo cha treni mjini Washington. Rais huyo aliugua kwa siku 79, madaktari wakichokonoa kidonda chake kwa vidole visivyo safi, hata akafariki tarehe 19 Septemba.

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1973, kampuni ya Charter Arms ya jimbo la Connecticut ilitoa rivolva yake iliyoiita Bulldog. Nayo ilikuwa na risasi tano na mtutu wa inchi tatu, na uzito wake ulizidi nusu kilo kwa kiasi kidogo tu. Risasi yake ni ya .44 Special, iliyotokea mwaka 1907, ambayo kichwa chake kina upana wa karibu milimita 11 na uzito wa kama gramu 16. Risasi hiyo ilikuwa imezoea kukaa katika bastola kubwa za kilo moja au zaidi. Hapa ikatiwa katika kitu cha nusu ya uzito huo. Katika miaka ya 1976 na 1977 David Berkowitz aliitumia bastola hiyo kuua watu sita mjini New York, na jina la Bulldog likaenea katika magazeti ya dunia. Lakini wengi wa wanunuzi wake walikuwa watu wa kawaida, wenye maduka na wenye nyumba, waliokuwa na hofu ile ile ya msikilizaji wetu.

Sasa tuje kwenye kasoro. Mwaka 1687 Isaac Newton aliandika kwamba kila tendo lina mwitikio ulio sawa nalo, unaokwenda upande wa pili. Risasi inapokwenda mbele, bastola hurudi nyuma. Ukipunguza uzito wa bastola kwa nusu na kuiacha risasi ile ile, nguvu inayoupiga mkono wako huongezeka maradufu. Hesabu hiyo haijali kama wewe ni shujaa au mwoga. Bastola inayokaa mfukoni siku nzima bila kukuchosha ndiyo itakayouumiza mkono wako siku utakapoifyatua.

Jambo la pili ni kulenga. Katika bastola fupi, kilengeo cha mbele na cha nyuma viko karibu karibu. Kama vimeachana kwa sentimita 12, basi kosa la milimita moja tu katika kuvipanga huwa karibu sentimita sita penye shabaha iliyo mita saba. Tena, kifyatulio cha rivolva, au triga kama tuiitavyo wengi, ni kizito ukikivuta bila kwanza kuirudisha nyundo kwa dole gumba, kwa sababu kidole kimoja kinaizungusha silinda na kuiinua nyundo kwa pamoja. Mkono ukikaza, mtutu huyumba.

Jambo la tatu ni hofu. Mwili una kumbukumbu. Ukishapigwa mara tatu nne na kishindo kile, mara ya tano utafumba macho na kuusukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka. Walimu wa shabaha wana njia ya kuifichua hofu hiyo: humjazia mwanafunzi silinda, risasi hai na maganda matupu vikiwa vimechanganywa, bila yeye kujua kipi kiko wapi. Nyundo ikiangukia ganda tupu, bastola ingepasa kutulia tuli. Badala yake mdomo wa mtutu huinama kama mtu anayesinzia. Dawa yake ni mazoezi ya mara kwa mara, kuanzia na risasi za nguvu ndogo, pamoja na kishikio kinachoujaza mkono.

Hatari nyingine hazionekani katika filamu. Kati ya silinda na mtutu mna upenyo, ambamo hutoka moto na chembe za risasi kwenda kando. Kidole kisisogee hapo. Mlio nao hupita desibeli 140, kiwango ambacho hata mara moja kinaweza kuliharibu sikio, na sikio likishakufa halifufuki. Mimi riziki yangu ni masikio, kwa hiyo nalisema hili kwa mkazo: asifyatue mtu bastola uwanjani bila vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho.

Lakini tuseme msikilizaji wetu amejifunza yote hayo, mkono umetulia na shabaha inapatikana. Bado liko swali la nyumba. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Huko Marekani, penye bastola nyingi kuliko kwingine, takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto. Kati yao, 26,328 walijiua wenyewe. Yaani zaidi ya nusu hawakuuawa na mwizi wala jambazi. Bastola iliyonunuliwa kwa ajili ya mgeni wa usiku ilikuwa ndani, na mwenye huzuni alikuwa ndani.

Ndiyo maana nchi zimetofautiana. Mahakama Kuu ya juu ya Marekani iliamua mwaka 2008 kwamba raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwake ajilinde. Uingereza, iliyozaa Bull Dog, ilifuata njia nyingine: baada ya mtu mmoja kuua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, sheria za mwaka 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote za raia katika England, Scotland na Wales. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni.

Leseni ni jambo jema, lakini karatasi haishiki bastola. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye duka, ushauri wangu ni huu. Anza na mlango imara, taa ya nje, mbwa, na jirani mnayesikilizana. Hivyo hufanya kazi hata ukiwa umelala. Ukiona bado unahitaji silaha, usiipime kwa unene wa risasi. Chagua ile ambayo mkono wako unaimudu, kwa maana risasi ndogo inayofika ulipolenga ni bora kuliko kubwa inayopita dirishani kwa jirani. Tenga fedha na muda wa mazoezi kabla ya kutenga fedha za kununua. Na kama huna mahali pa kuifungia ambapo mtoto hafiki, wala huna hakika na utulivu wa kila mtu aliye chini ya paa lako, ukiwamo wewe mwenyewe, basi usinunue.

Mwizi akichukua televisheni, televisheni hununuliwa tena dukani. Risasi ikishatoka mtutuni hairudi, na huna njia ya kuiita.

Hadi wiki ijayo, nawatakia usalama.