BUTIAMA: KUTOKA KIJIJI CHA CHIFU HADI MAKAO MAKUU YA WILAYA

Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakazi, kuhusu historia, jiografia na idadi ya watu



Jina la Butiama linafahamika nchini kote, na katika nchi nyingi za Afrika, kwa ajili ya mtu mmoja aliyezaliwa hapo na kuzikwa hapo. Hata hivyo, Butiama ni makazi ya maelfu ya watu wengine ambao majina yao hayamo vitabuni. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza mahali wanapoishi watu hao, namna kijiji chao kilivyofikia kuwa makao makuu ya wilaya, na jinsi idadi yao inavyopaswa kusomwa. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwani anayesoma hesabu ya watu bila kuijua mipaka huweza kukosea hata kama hesabu yenyewe ni sahihi.

Mahali ilipo

Butiama ipo katika Mkoa wa Mara, mashariki ya Ziwa Victoria, kiasi cha kilomita 40 kwa barabara kutoka mjini Musoma. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukweni nchi hupanda polepole kuelekea mashariki, hadi kwenye vilima vyenye majabali makubwa ambako Wazanaki wamejenga tangu enzi za mababu. Kaskazini kuna vinamasi vya Mto Mara. Mto huo huanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita katika mbuga za Masai Mara na Serengeti, kisha hupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani katika Ghuba ya Mara.

Upande wa kusini ipo Bunda, juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda mpakani Sirari. Barabara hiyo hupita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hufika Makutano, ambako wasafiri wa Musoma huelekea ziwani na wa Butiama huelekea vilimani. Kwa ufupi, Musoma ni mji wa ziwa, Bunda ni mji wa barabara, na Butiama ni makazi ya mashamba na mifugo. Kwa muda mrefu mkulima wa Butiama alilima mtama, ulezi, mihogo na pamba, na kila alipohitaji ofisi, hospitali kubwa au soko la samaki, alishika njia ya Musoma.

Historia yake

Wakati wa utawala wa Waingereza, Musoma ulikuwa makao makuu ya wilaya, na Butiama ilikuwa chini ya Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Tarehe 13 Aprili 1922 alizaliwa mwanawe, Kambarage. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, mtoto huyo alipelekwa kusoma katika shule ya Mwisenge, Musoma. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama sehemu ya maisha ya Baba wa Taifa, lakini aidha ni ushahidi wa jiografia: elimu ilikuwa ziwani, na mtoto wa kijijini alilazimika kuifuata huko.

Baada ya Uhuru, uchifu ulifutwa mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 kulifuata uhamishaji wa wananchi katika vijiji vya pamoja, na kaya zilizokuwa zimetawanyika zikajikuta zikijenga kwa mistari karibu na shule na zahanati. Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985, alirejea Butiama kulima. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake tarehe 23 ya mwezi huo. Makumbusho yenye jina lake yalikuwa yamefunguliwa hapo mapema mwaka huohuo.

Idadi ya watu na mipaka

Katika sensa ya mwaka 2002, Butiama ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Musoma Vijijini, iliyokuwa na watu wapatao 330,000. Sensa ya mwaka 2012 iliitaja Musoma Vijijini kuwa na watu 178,356. Mtu akizilinganisha hesabu hizo mbili peke yake, atadhani kwamba karibu nusu ya watu walihama au walipatwa na maafa. Ukweli ni kwamba mwaka 2012 wilaya hiyo iligawanywa, ikazaliwa Wilaya ya Butiama, iliyohesabiwa kuwa na watu 241,732. Zikijumlishwa pamoja, wilaya hizo mbili zilikuwa na watu 420,088. Yaani watu waliongezeka kwa takriban 90,000 katika miaka kumi.

Mfano huu si wa pekee mkoani. Bunda nayo ilifanywa wilaya, na Rorya ilitengwa na Tarime mwaka 2007. Kila mgawanyo ulisogeza ofisi karibu na mwananchi, na kila mgawanyo uliacha madaftari yasiyoweza kulinganishwa bila maelezo. Mkoa mzima, ambao watu wake walikuwa 1,743,830 mwaka 2012, ulikuwa na watu 2,372,015 katika sensa ya mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la watu 628,185. Wilaya ya Butiama ilifikia zaidi ya watu 281,000, na Manispaa ya Musoma zaidi ya 164,000.

Maji hayajui mpaka

Mgawanyo wa utawala, hata hivyo, haugawanyi mahitaji. Mfano ulio wazi ni maji. Butiama haina ufukwe mbele yake kama Musoma. Maji ya ziwa huifikia kwa kupandishwa. Ndiyo maana mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Februari 2022, una chanzo chake Mugango, ndani ya Wilaya ya Musoma, na mabomba yake huvuka mpaka kuelekea vilimani. Anayepanga ukubwa wa tangi hana budi kuwahesabu watu wa pande zote mbili. Akisahau upande mmoja, mama wa upande huo ndiye atakayeendelea kubeba ndoo kichwani.

Kwa hiyo, mtumishi anayeandika taarifa ya kata au kijiji anashauriwa kuonyesha daima mwaka wa hesabu, jina la wilaya kwa wakati ule, na mipaka iliyotumika. Mwananchi naye anaombwa kujibu maswali ya karani wa sensa kwa ukweli na ukamilifu, bila kuacha mtoto mchanga wala mzee asiyetoka ndani. Dawati la shule, dawa ya zahanati na bomba la maji huanzia katika jibu hilo.

Mtoto wa mwaka 1934 aliifuata shule Musoma. Makao makuu ya wilaya yapo sasa Butiama kwenyewe, ili mtoto wa leo asilazimike kuifuata huduma ya kwanza mbali na kwao. Lengo hilo litatimia iwapo kila aliyepo atahesabiwa, na kila hesabu itasomwa kwa mipaka yake.