Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
Mazungumzo juu ya siku mbili za kula mjini Unguja



Leo nataka kuzungumza nanyi kwa habari ya chakula. Wala si chakula cha karamu, bali kile kiuzwacho sokoni, njiani na barazani katika mji niliozaliwa, yaani mji wa Unguja. Huenda mmoja wenu akasema, "Habari gani hii? Nani asiyejua kula?" Mimi pia nalikuwa na maoni hayo, mpaka nilipopata mgeni.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kula kwangu. Wazee wetu walitufundisha ya kuwa mtu mzima kula njiani ni aibu, nami nalilishika neno hilo kwa zaidi ya miaka 30 ya kazi. Nalipita mbele ya majiko ya watu asubuhi na jioni kama mtu apitaye mbele ya ukuta.

Basi siku moja ya Ijumaa, alasiri, akaja kwa meli kutoka Dar es Salaam mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa shule huko Tabora. Tulipokwisha kuamkiana na kupeana habari za nyumbani, akaniambia, "Mjomba, nina siku mbili tu. Habari za masultani wa Unguja nimezisoma vitabuni. Wewe nionyeshe watu wa mji huu hula nini, na hula wapi." Nikamjibu kwa majivuno, "Umefika kwa mwenyewe." Mke wangu aliposikia akacheka sana, akasema, "Mwenyewe gani? Mjomba wako hajui hata njia ya kwenda kununua andazi." Nami nikanyamaza, maana alisema kweli.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Darajani. Mpwa wangu akatazama huku na huku, kisha akauliza, "Daraja liko wapi?" Hilo nalilijua. Nalimweleza kwamba zamani palikuwa na mkono wa bahari ukiutenga Mji Mkongwe na upande wa Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Maji yale yalifukiwa, daraja likatoweka, na jina likabaki. Soko lenyewe lilijengwa mwaka 1904, na hata leo ndipo mji unapoamkia.

Tuliketi juu ya benchi pamoja na wachukuzi na wachuuzi, tukaletewa chapati, mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Mbaazi hizo huchemshwa mpaka zilainike, ndipo hutiwa tui. Muuzaji alitufahamisha ya kuwa tui ni mawili: jepesi hutangulia kuivisha chakula, na lile zito la kwanza kukamuliwa huwekwa mpaka mwisho, nalo halitakiwi kuchemka kwa nguvu, lisije likakatika. Mpwa wangu aliandika maneno hayo katika kitabu chake kidogo. Mimi niliyekula mbaazi tangu utoto sikuwa nimeyasikia, kwa sababu sikupata kuuliza.

Kisha tukapita penye viungo na matunda. Mwalimu ni mwalimu, hata akiwa safarini. Aliushika muhogo akasema, "Huu asili yake ni Amerika ya Kusini, nao Wareno ndio walioleta mbegu yake Afrika." Pilipili mbuzi nayo, akasema, ilitoka Amerika. Karafuu, ambayo sisi twaiona kuwa yetu kabisa, asili yake ni visiwa vya Maluku katika bahari ya mashariki, nayo ilifika hapa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mdalasini, manjano na pilipili manga ni mali ya Asia. "Mjomba," akasema, "hapa mtoto aweza kusoma jografia yote pasipo kufungua kitabu."

Adhuhuri tulivuka kwenda Ng'ambo, tukaingia katika mkahawa mdogo ambao hauna hata kibao mlangoni. Niliuchagua kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ulikuwa umejaa watu. Tulinawa mikono, tukala wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Pweza ni mnyama mgumu. Wavuvi humpigapiga sana apate kulainika, kisha hupikwa kwa moto mdogo, na asiye na subira hula mpira. Mbele yetu alikaa fundi cherehani, na kando yake kijana wa bandarini. Hatukujuana, lakini kabla ya sahani kwisha tulikuwa tumekwisha kuulizana habari za watoto. Nalijiambia moyoni, "Miaka yote hii, watu hawa walikuwa wapi?" Walikuwa pale pale; mimi ndiye niliyekuwa sipo.

Ilipofika alasiri tulikula urojo. Kwa wale wasioujua, urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wenye ukali wa embe mbichi au ndimu. Ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori, na pengine mishikaki au yai; juu hunyunyizwa muhogo uliokatwa mwembamba na kukaangwa, pamoja na chatini ya nazi na pilipili. Watu wa Bara waitazamapo bakuli hiyo huona kama vitu vilivyomwagika kwa bahati mbaya. Mpwa wangu alionja kijiko kimoja kwa hofu. Bakuli ya pili aliiagiza mwenyewe.

Usiku tulikwenda Forodhani. Hapo zamani palikuwa na forodha, ndiyo asili ya jina, kisha pakafanywa bustani. Bustani hiyo ilitengenezwa upya, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Nyuma yake ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba mwaka 2020. Kila jua likichwa, wachuuzi huja na meza zao, taa na makaa, wakapanga ngisi, pweza na mishikaki, na kando yao mashine za kukamulia miwa, maji yake yakachanganywa na tangawizi na ndimu. Pana pia chapati nyembamba itiwayo nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ikakunjwa na kukaangwa. Wageni huiita pizza ya Unguja. Lakini wazee huijua kwa jina la mantabali.

Hapo lilitokea jambo dogo. Mchuuzi mmoja alipoisikia lafudhi ya mpwa wangu, alimtajia bei iliyonishtua. Nalisogea karibu nikasema, "Bwana, huyu ni mtoto wa dada yangu." Yule mchuuzi akacheka, akapunguza nusu, akaongeza na kipande cha muhogo wa kuchoma. Tulisameheana. Walakini mpwa wangu alisema neno lililonichoma: "Mjomba, na yule ambaye hana mjomba hapa?" Sikuwa na jibu, wala sina hata leo. Bei ya chakula ingefaa iwe moja kwa kila mtu mwenye njaa.

Jumapili alfajiri, baada ya sala, tulikaa barazani tukanywa kahawa chungu. Muuza kahawa alilichukua dele lake lenye makaa chini, akagonganisha vikombe, na wazee wakatoka mmoja mmoja. Kahawa ile haitiwi sukari. Utamu wake ni kashata, na utamu mwingine ni mazungumzo. Kisha tukashuka mpaka diko la Malindi, tukaona samaki wakinadiwa.

Sasa nafika katika jambo lililonifanya niombe nafasi ya kusema nanyi.

Tulikuwa twarudi nyumbani, mpwa wangu apate kufunga mzigo. Tulipokaribia uchochoro wetu, akasimama akanusa. "Mjomba, kuna mkate unaochomwa hapa." Nalimwambia ni moshi wa bibi mmoja mzee, jirani, mlango wa tatu kutoka kwangu. Akauliza, "Achoma mkate gani?" Nikasema, "Sijui." Akanitazama kwa mshangao. Basi tukapiga hodi.

Bibi yule alikuwa amekaa mbele ya mofa, yaani tanuri la udongo lililo kama mtungi mkubwa, makaa yakiwaka chini. Aliukanda unga wa mtama, akautanua kwa kiganja, akauingiza mkono ndani na kuubandika mkate ukutani mwa mofa. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Karibuni." Akatupa mkate wa moto, mkavu kidogo nje, laini ndani.

Nilipoutia kinywani, Mabibi na Mabwana, nalinyamaza. Ule ulikuwa mkate wa marehemu mama yangu. Tangu alipofariki sikuuonja tena, nami nalidhani umekwenda naye kaburini. Bibi akanitazama, akasema taratibu, "Mama yako nalimfundisha mimi, hapa hapa, alipoletwa mwari. Nalikungoja uje, lakini wewe ulikuwa mtu wa ofisini. Hupiti ila kwa haraka."

Ni aibu kubwa kuliko ile ya kula njiani. Mtu alikuwa na utoto wangu mikononi mwake, milango mitatu kutoka kwangu, nami nikipita kila siku nikiulalamikia moshi.

Mpwa wangu akamwuliza ni nani atakayeirithi kazi hiyo. Bibi akaionyesha mikono yake iliyoungua, akasema macho yake hayaoni vizuri, na wajukuu wake hawautaki moto. Wala hakuwalaumu. "Mkate huu ni kazi nyingi na faida ndogo," akasema. "Watu hupenda mkate wa dukani uliokwisha kukatwa." Hakusema zaidi, akarudi kwenye unga wake.

Mpwa wangu aliondoka na meli ya alasiri, na mikononi mwake kikapu cha ukindu chenye haluwa, ile ipikwayo kwa wanga, samli, sukari na iliki, ambayo tuliipokea kutoka kwa watu wa Oman. Lakini juu ya haluwa alikuwa ameweka mikate mitatu ya mofa, iliyofungwa kwa kitambaa. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiye mgonjwa aliyepona, ingawa sikujijua kuwa ni mgonjwa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nakwenda kwa yule bibi kununua mkate, na binti yangu huja nami. Mara ya kwanza alilalamikia moshi, kama baba yake. Mara ya nne aliomba autie mkono ndani ya mofa. Aliungua kidogo, bibi akacheka, akamwambia mkono usioungua haujajifunza. Sijui kama ataifanya kuwa kazi yake. Lakini ajua sasa jinsi unga unavyopimwa, na lile walijualo wawili haliwezi kuzikwa na mmoja.

Kabla ya kuagana nanyi, nina mashauri machache kwa mtu atakaye kufanya kama tulivyofanya, mjini mwake au kijijini mwake. Kwanza, kula pale palipo na watu wengi, maana chakula hapo hakilali. Pili, chagua kile kitokacho motoni mbele ya macho yako, kilichofunikwa nzi wasikifikie. Nawa mikono kwa sabuni, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa. Tatu, uliza bei kabla ya kula, wala usione haya. Nne, uliza na namna ya kupika, kwa kuwa mpishi hufurahi kuulizwa, na elimu nyingine haikuandikwa popote ila katika mikono ya watu.

Na la mwisho, lililo kubwa. Wanafunzi wangu, mwaulizwa shuleni mito ya nchi za mbali na miji yake mikuu, nayo ni elimu njema. Lakini leo mrudipo nyumbani, hesabuni milango mitatu kutoka kwenu, mkajiulize kama mwajua nani akaa humo, na hupika nini. Asiyejua na apige hodi maadamu moto bado unawaka.