Mshahara na Bahashishi ya Askari wa Keya

Wengi wenu mna babu aliyetumika katika Keya wakati wa vita vya 1939 hata 1945. Wengine walifika Uhabeshi, Madagascar na Burma.

Askari alipata mshahara wa mwezi, nao ulipanda kwa cheo. Chakula na nguo vilitoka serikalini. Tena aliweza kukatwa sehemu ya mshahara, mkewe au mzazi wake akaipokea bomani.

Lakini neno nililojia ni bahashishi, yaani fedha ya kuagana iliyohesabiwa kwa miezi ya utumishi. Karatasi ya serikali ya 1945, iliyotangazwa 2019, yaonyesha kwamba askari Mzungu asiye na cheo alihesabiwa shilingi 10 kila mwezi, na mwenziwe Mwafrika shilingi 3 na senti 50. Pigeni hesabu ya miaka mitatu, yaani miezi 36: huyu shilingi 360, yule 126.

Basi mwenye cheti cha babu yake cha jeshi asikitupe. Akilete kwa mwalimu, zisomwe tarehe za kuingia na kutoka, ajue babu alipewa nini.