Bima au Akiba? Matibabu ya Ndugu Zetu Wanaofanya Kazi Ugenini



Tume yetu imeombwa kusema juu ya jambo linalorudi mara kwa mara katika jumuiya zetu ndogo ndogo, nalo ni michango ya kuwalipia hospitali ndugu zetu walioko ng'ambo. Parokia nyingi zina vijana wao Dubai, Riyadh, Muscat, London au Marekani. Wanapokuwa wazima tunapokea salamu na fedha za karo. Wanapougua tunapokea hesabu ya hospitali, na daftari la michango linaanza kupita nyumba kwa nyumba. Leo tunataka kulitafakari swali linalolitangulia daftari hilo: anayekwenda kuishi ugenini akate bima ya afya, au ajiwekee akiba na kujilipia mwenyewe atakapougua?

1. Hoja ya wanaotegemea akiba

Wako wanaosema kwamba bima ni fedha inayopotea. Kijana mwenye afya hutoa ada mwaka baada ya mwaka bila kumwona daktari, na mwisho wa mwaka harudishiwi kitu. Heri aiweke benki: akiugua itamfaa, asipougua itabaki mali yake. Tena huongeza kwamba mikataba ya bima imejaa masharti. Ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba huenda usilipiwe, uzazi huwa na muda wa kungojea, na madai mengine hukataliwa.

Hoja hizi tusizidharau, kwa maana zina ukweli. Kwa gharama ndogo, kama vile dawa ya homa, jino au miwani, akiba ni njia njema. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa. Akiba huhitaji muda, na ugonjwa haungoji. Anayeweka dola 50 kila mwezi atakuwa na dola 600 baada ya mwaka. Akianguka kutoka juu ya jengo mwishoni mwa mwezi wa tatu, anazo dola 150 tu.

Bima hufanya kazi kwa njia nyingine. Tuchukue mfano wa watu 100, kila mmoja akitoa dola 60. Zinapatikana dola 6,000. Mmoja wao akivunjika mguu na upasuaji ukagharimu dola 5,000, hesabu hiyo italipwa hata kama yeye alitoa ada yake juzi. Wale 99 hawakuibiwa. Kama zamu ingekuwa yao, wangelipiwa vivyo hivyo. Jambo hili si geni kwetu. Vyama vyetu vya kuzikana vimesimama juu ya msingi huo huo, wala hatujamsikia mwanachama akilalamika kwamba mwaka umepita bila kufiwa.

2. Mzigo huu humwangukia nani?

Anayesema, "Nitajitegemea," na atazamwe vizuri. Tajiri mwenye uwezo wa kulipia upasuaji, wiki kadhaa za chumba cha wagonjwa mahututi na safari ya kurudishwa nyumbani akiwa na muuguzi, bila kuuza shamba, huyo kweli anajitegemea. Lakini mtumishi wa nyumbani, mlinzi au dereva hana uwezo huo. Akiba yake ikiisha siku ya pili ya kulazwa, wanaobaki kulipa ni mama yake, kaka zake na jumuiya yake. Ng'ombe atauzwa, mtoto atatolewa shule. Kwa maneno mengine, bima ipo, ila watoaji wake ni maskini ambao hawakuulizwa.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa suala la haki. Uamuzi wa kutokata bima huonekana kuwa wa mtu mmoja, lakini gharama yake huwafikia wengi.

3. Sheria za nchi mbalimbali

Katika nchi kadhaa, uamuzi huu haukuachwa mikononi mwa mfanyakazi peke yake. Katika Falme za Kiarabu, Abu Dhabi ilitunga sheria ya bima ya lazima mwaka 2005, na Dubai mwaka 2013. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sharti hilo lilienezwa hadi falme tano zilizobaki, kwa wafanyakazi wa sekta binafsi na watumishi wa nyumbani. Kwa falme hizo tano ulitangazwa mpango wa msingi wa dirhamu 320 kwa mwaka, ambao mgonjwa aliyelazwa huchangia asilimia 20 ya gharama, isiyozidi dirhamu 500 kwa kila mara. Mwenye wajibu wa kulipa ada ni mwajiri. Kwa hiyo mwajiri anayeikata ada hiyo katika mshahara anamdhulumu mfanyakazi wake.

Saudia, sheria ya mwaka 1999 iliwataka waajiri wa sekta binafsi kuwakatia bima wafanyakazi wa kigeni. Watumishi wa nyumbani waliachwa nje kwa muda mrefu. Mwaka 2024 sharti liliwekwa kwa mwajiri mwenye watumishi zaidi ya wanne. Maana yake ni kwamba binti aliye peke yake katika nyumba ya tajiri wake hakuguswa na sharti hilo. Kwake yeye, maneno ya mkataba ndiyo ngao: yaandikwe wazi kwamba mwajiri atalipia matibabu.

Uingereza, anayeomba viza ya kukaa zaidi ya miezi 6 hutozwa ada ya afya pamoja na maombi yake, isipokuwa makundi machache yaliyosamehewa. Mwaka 2024 ada hiyo ilipandishwa hadi pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Akishaitoa, hutibiwa katika huduma ya taifa karibu kama mwenyeji. Marekani hali ni nyingine. Sheria ya mwaka 1986 huzitaka hospitali zenye idara ya dharura, zilizo katika mpango wa Medicare, zimpime kila anayefika na kumtuliza aliye hatarini, hata kama hana fedha. Lakini sheria hiyo haimfutii deni. Hesabu humfuata nyumbani.

Umoja wa Mataifa nao ulipitisha, mwaka 1990, Mkataba wa haki za wafanyakazi wahamiaji, ulioanza kutumika mwaka 2003. Ibara ya 28 husema kwamba mhamiaji asinyimwe matibabu ya dharura ya kuokoa maisha kwa sababu karatasi zake zina kasoro. Uganda na Rwanda zimeukubali mkataba huo. Nchi nyingi zinazowapokea watu wetu, zikiwemo za Ghuba, hazijaufanya hivyo.

4. Ushauri wetu

Kwetu sisi, njia mbili hizi zisishindanishwe. Bima ibebe mzigo mkubwa usiobebeka, na akiba ibebe ule mdogo, pamoja na sehemu ambayo bima humwachia mgonjwa. Anayeweza kulipa ada ndogo tu, na achague bima inayolipia kulazwa na ajali, hata kama hailipii kila kidonge.

Kabla ya kuondoka, msafiri aulize haya: Nani analipa ada, na limeandikwa wapi? Ukomo wa malipo ni kiasi gani? Magonjwa niliyo nayo yanalipiwa? Uzazi je? Kadi itakuwa mkononi mwangu au kabatini kwa tajiri? Nikiacha kazi, au kibali changu kikiisha, bima inakoma siku gani? Kurudishwa nyumbani, nikiwa mgonjwa au maiti, kunalipiwa na nani?

Asichanganye bima ya safari na bima ya mkazi. Ile ya kwanza ni ya siku chache na ya dharura. Haimtunzi mwenye kisukari kwa miaka miwili. Wala asifiche ugonjwa alio nao anapojaza fomu, kwa maana uongo huo ndio utakaotumiwa kuyakataa madai yake. Nakala za kadi na mkataba ziachwe kwa mtu mmoja wa kuaminika hapa nyumbani.

Kwetu tunaobaki, tusiache kuchanga. Ndugu akiugua hatutamwuliza kwanza kama alikata bima. Lakini huruma inayokuja baada ya msiba haitoshi. Tuwe na huruma inayomkalisha kijana chini kabla hajatia sahihi, na kuusoma mkataba pamoja naye, neno kwa neno.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu anajiandaa kwenda kufanya kazi ng'ambo? Mkataba wake umesomwa na nani?
2. Michango ya matibabu ya ng'ambo tuliyotoa mwaka uliopita ilifika kiasi gani, na ilizigharimu nini familia zetu?
3. Je, parokia yetu inaweza kumteua mtu mmoja wa kuwasaidia wasafiri kuisoma mikataba na kutunza nakala zake?