Springi za Upepo na Trela za Maji



Leo tunazungumza juu ya springi za upepo, ile mifuko ya mpira inayofungwa kati ya ekseli ya nyuma na chesisi ya pikapu, ikajazwa upepo kama tairi. Ninyi mnaovuta trela za maji kati ya Homa Bay, Rongo na Migori mnatuuliza kama zinafaa. Zinafaa. Lakini mtu akiona gari limenyanyuka nyuma, hudhani sasa linaweza kubeba zaidi. Sivyo! Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, na uzito ulioruhusiwa na watengenezaji haubadiliki hata kilo moja.

Tuchukue tangi la lita 1,000. Maji peke yake ni kilo 1,000, bado tangi lenyewe na trela. Uzito unaokalia ndoano ya gari unafaa uwe karibu kilo 10 kwa kila kilo 100 za trela na mzigo wake. Ukizidi sana, gari linalala nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zinawachoma macho wanaokuja. Basi dereva anajaza upepo, gari linasimama sawa, naye anaridhika. Lakini ndoano bado imelemewa vile vile, na magurudumu ya mbele hayajarudishiwa uzito wao. Ukiteremka kutoka Rongo kuelekea ziwani na mvua inanyesha, hapo kwenye kona ndipo utakapojua. Dawa ni kusogeza tangi nyuma kidogo kwenye trela. Usilisogeze mno, maana ndoano ikiwa nyepesi trela huyumba. Kupima si kazi kubwa: trela ikiwa imekaa tambarare, weka kichwa chake juu ya mizani ya magunia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana. Springi ya vyuma hubeba chesisi mahali pawili, mbele ya ekseli na nyuma yake. Mfuko wa upepo husukuma mahali pamoja tu. Ndoano ikiwa nzito, upepo mwingi na barabara ya mashimo, chesisi inaweza kupinda au kupasuka papo hapo juu ya ekseli. Huko Australia pikapu za dabo kebini zimevunjika hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga trela, pima urefu kutoka ardhini hadi madigadi ya nyuma. Ukishafunga, jaza upepo kidogo kidogo gari likaribie urefu ule, bila kuupita. Ukishusha mzigo, punguza, ila usiumalize wote. Mfuko mtupu hujibana ukakatika. Watengenezaji wengi huandika paundi 5 kuwa ndiyo ya chini kabisa.

Asubuhi ukikuta upande mmoja umelala, paka maji ya sabuni kwenye valvu na viungo, uangalie povu. Mara nyingi mfuko ni mzima, ni paipu iliyokatwa mshazari. Ikate upya kwa wembe, iwe sawasawa, na uifunge mbali na ekzosi. Kama mifuko yote miwili inatumia paipu moja, itenganishe, kila mmoja na valvu yake. La sivyo kwenye kona upepo hutoka upande unaolemewa ukakimbilia upande wa pili, gari likazidi kuinama.

Mwenye trela aje nayo ikiwa na maji, tuipime pamoja.